Filimbi Yenye Pumzi Si Filimbi Mbovu



Katika vikao vyetu vya wazazi hapa Stockholm kumezuka kasumba ambayo siwezi kuinyamazia. Mtoto akileta filimbi yenye sauti ya pumzi, ule mvumo wa hewa unaosikika chini ya noti, huambiwa: "Hiyo inavuja, itupe. Tutanunua kinanda cha umeme, hata filimbi imo ndani yake."

Mimi ni mhandisi, basi nianze na ufundi. Ndani ya filimbi, hewa hupita kwenye mwanya mwembamba, hugonga ukingo, huyumba huku na huku, na hewa iliyomo bombani huitika. Fundi akiupanua mwanya kidogo, sehemu ya pumzi huvurugika na kupita bila kugeuka noti. Ndio mvumo wenyewe. Si hitilafu, ni usanifu. Robert Clarke wa Uingereza, aliyeanza kutengeneza filimbi za bati mwaka 1843, alilikunja bati likawa bomba linalopungua upana kuelekea chini, akaliziba mdomoni kwa kipande cha mti. Filimbi za muundo huo zinauzwa hadi leo, na wapo wanaozitafuta kwa sababu ya pumzi hiyo hiyo.

Tutazame kwetu. Chivoti ya Wadigo hupulizwa kwa ubavu, na pumzi ni sehemu ya utamu wake. Nai ya taarab ya Unguja, ukiiondolea pumzi, umebaki na mluzi. Afrika Kusini, miaka ya 1950, wanamuziki kama Spokes Mashiyane waliichukua filimbi ya bati, wakaigeuza mdomoni kuinenepesha sauti, na kwela ikavuma. Mwaka 1958 "Tom Hark" ilipendwa hadi Uingereza. Waliozinunua sahani zile hawakulalamika kwamba filimbi inavuja.

Na wenyeji wetu je? Härjedalspipa, filimbi yao ya mti yenye matundu sita, ilikaribia kutoweka. Mnamo karne ya 20 Waswidi wakaifufua, na leo mafundi wanaichonga upya. Sisi tumejifunza kwao kuvua viatu mlangoni; hili hatukujifunza.

Wapo wasemao filimbi hizi hazisikiki ukumbini. Kweli, sauti yake ni ndogo. Basi iwekewe maikrofoni, au tuwafunge midomo wanaopiga soga wakati watoto wanapiga muziki. Kinanda kitasikika, lakini hakimfundishi mtoto kupima pumzi yake. Kitufe hakina mapafu.

Napendekeza fungu la kinanda linunue filimbi ya bati kwa kila mtoto, na wazee wetu wenye kujua chivoti au nai waalikwe kufundisha maadamu wapo. Kinanda kitakuwapo dukani mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Wazee hawanunuliki.

Mwenye hoja tofauti aandike. Ukurasa ni wetu sote.