Njia ya mashambani kando ya Tana iachiwe baiskeli

Kila msimu wa bajeti wanasiasa wa Garissa hugombania lami. Mimi naitetea njia isiyo na lami, na naomba ibaki bila lami. Ni ile njia ya udongo inayotoka kusini mwa mji na kuufuata Mto Tana, kati ya mashamba na vichaka. Ukiwa juu ya baiskeli, kulia kwako kuna migomba, mipapai, miembe na matuta ya nyanya hadi ukingoni mwa mto. Kushoto kuna migunga na nchi kavu inayoendelea hadi Somalia. Kelele kubwa utakayoisikia ni ya injini ya kupandisha maji shambani. Ukishaipita, unabaki na ndege na mkokoteni wa punda unaokuja mbele yako.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni kwamba njia hii itengwe kwa baiskeli, punda na watu wa miguu. Magari na pikipiki zina barabara kuu, na huko hakuna mwendesha baiskeli anayezifuata kwa hiari. Anayeijua barabara ya Garissa kwenda Thika anajua magari ya miraa yanavyokimbia, na malori ya mifugo, na mabasi ya usiku.

Nafundisha jiografia katika shule ya upili, na Jumamosi hupanda baiskeli baada ya swala ya alfajiri. Sitoki kabla hapajapambazuka kabisa, kwa sababu viboko hulisha nchi kavu usiku na hurejea majini kukikucha, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kukutana na kiboko njiani. Kufikia saa nne lazima uwe umerudi au uko chini ya mwembe. Garissa iko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita. Lakini nchi hii ya chini ni tambarare pia: hakuna mlima wa kupanda, wala haja ya baiskeli ya gia nyingi. Miezi ya Juni hadi Septemba, ambayo Wasomali huiita hagaa, ndiyo mizuri kuliko yote. Upepo wa kusi hukupinga unapokwenda na hukusukuma unaporudi umechoka.

Kilomita tano hivi kutoka mjini iko hifadhi ya twiga ya Bour-Algi. Twiga wake ni wale wa kaskazini wenye alama za wavu, na wanaishi pamoja na ng'ombe na mbuzi wa wafugaji. Utaona pia swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma akichuma majani, ngiri, na dikidiki wawili wawili. Gari likija, wanyama hawa hutawanyika. Baiskeli ikija taratibu, twiga huinua shingo, hukutazama, kisha huendelea kula. Naivasha wameshalielewa jambo hili: katika mbuga ya Hell's Gate wageni hukodi baiskeli langoni na kupita kati ya punda milia na twiga, na vijana wa pale wanapata riziki kwa kukodisha na kutengeneza baiskeli hizo. Sisi twiga tunao, njia tunayo, na bado mgeni anayekuja Garissa kwa mkutano hukaa hotelini akisubiri gari la kumrudisha Nairobi.

Jamaa yangu anayeishi Vienna aliwahi kunieleza kuhusu bonde la Wachau, huko Austria, ambako mto Danube unapita kati ya miji ya Melk na Krems kwa kilomita 36 hivi. Njia ya baiskeli inaufuata mto, na kandokando yake kuna mashamba ya mizabibu na miti ya aprikoti. Watu huenda huko kutoka nchi za mbali, si kwa ajili ya jambo kubwa lolote. Wanaendesha, wanasimama kwa mkulima, wanakula, wanakunywa alichokitengeneza, wanalala kijijini, kesho wanaendelea. UNESCO iliingiza bonde hilo katika urithi wa dunia mwaka 2000, na kilichoangaliwa ni jinsi watu walivyolima kando ya mto huo kwa karne nyingi. Kwetu hakuna mvinyo na hatuuhitaji. Tuna embe.

Embe la Tana linahitaji kuliwa pale pale lilipoiva. Wakati wa msimu, mwishoni mwa mwaka na miezi ya mwanzo, wakulima huuzia madalali kwa bei wanayoitaja madalali, kwa kuwa tunda halisubiri. Mwendesha baiskeli ni mteja wa aina nyingine. Hana haraka, hana buti la kujaza magunia, ana njaa na kiu. Atasimama kwenye shamba la kwanza ale ngowe mawili, la pili apewe kipande cha tikiti maji, na la tatu akute mama ameweka birika la chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya anjera zilizopakwa samli na sukari. Nimekaa kwenye mikeka ya akina mama hao. Nimeona mama mmoja akihesabu alichopata kwa wapita njia wachache wa asubuhi moja, akaniambia, "Mwalimu, hawa hawakunipunja hata shilingi." Njia ikijulikana, mama huyo hatamhitaji dalali kwa kila tunda. Mwenye gari hawezi kumpa mapato hayo, maana hata hamwoni.

Mtu ataniuliza, je, mazao yatatoka vipi? Pikapu ziendelee kuingia shambani kwa vijia vinavyotoka barabara kuu, kama zifanyavyo sasa, ila zisiruhusiwe kuufuata mto kwa urefu. Mawe makubwa matatu au magogo kwenye kila makutano yanatosha. Mkokoteni wa punda na baiskeli vitapita katikati, gari halitapita. Pikipiki ni ngumu zaidi kuzuia, nakubali. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki za injini ndogo mwaka 2008, bodaboda zimekuwa ajira ya vijana wengi, na siwezi kusimama mbele yao niseme waache kazi. Abiria wao wako mjini na kwenye barabara kuu. Kando ya mto, vijana hao hao wanaweza kuwa waongozaji na mafundi wa baiskeli.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya utalii. Wasichana wangu darasani hawapandi baiskeli. Wanaendesha mkokoteni wa punda kuteka maji tangu wakiwa wadogo, wanamudu punda mkaidi mbele ya lori, lakini baiskeli wameambiwa si yao. Unguja nimewaona wanawake wenye buibui wakienda kazini kwa baiskeli, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Msichana hawezi kujifunza katikati ya tuktuk na macho ya soko. Njia tulivu, yenye kivuli, ambako wanaopita ni mama zake na majirani zake, ndipo mahali pake pa kujifunzia, na baadaye ndiyo njia yake ya shule.

Matengenezo yenyewe si ya fedha nyingi. Adui wa kwanza ni mathenge. Mti huo ulipandwa katika maeneo ya Tana miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na sasa umefunga ukingo mahali pengi, na mwiba wake hupenya tairi jipya. Mimi hupasua tyubu kuukuu na kuitandika ndani ya tairi, na bado hubeba gamu na viraka. Kaunti ikiajiri vijana wa vijiji kuukata na kuung'oa mita chache kila upande, pancha zitapungua na mbuzi watapata malisho. Adui wa pili ni maji. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara ya Nairobi hapa Madogo hata watu wakavuka kwa mashua, na mashamba mengi ya ukingoni yakaenda na injini zake. Lami ikijengwa karibu hivyo na mto itakwenda vile vile. Njia ya udongo ikibomoka, watu wenye majembe huisogeza na maisha yanaendelea. Pale kwenye laga, yaani mkondo wa maji ya msimu, pawekwe daraja dogo la mbao na saruji, upana wa mkokoteni.

Najua neno ambalo wasomaji wa Nairobi na Mombasa wanalisubiri: usalama. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na mji huu haujawahi kusahau. Simwambii mtu apande baiskeli hadi Liboi mpakani au aingie msitu wa Boni. Nazungumzia njia ya mashamba inayoanzia mjini, ambako kila anayepita anajulikana na mgeni huulizwa habari kabla hajaomba maji. Hofu ya miaka hiyo ilifuta wageni wetu wote kwa pamoja, wa mpakani na wa mjini, na wakulima wa kando ya mto wamelipa gharama ya mahali ambapo hawaishi.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti barabara za kaunti na utalii wa ndani, kwa hiyo hatuhitaji kumsubiri waziri. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi katika wadi. Nitakwenda kwenye kikao cha wadi yangu na mchoro wa njia hii niliouchora na wanafunzi wa kidato cha tatu: makutano ya kuwekewa mawe, laga za kuwekewa madaraja, na sehemu zilizofungwa na mathenge. Wenye mashamba kuanzia mjini hadi Bour-Algi nawaomba tuwe pamoja siku hiyo, kwa kuwa ardhi inayopitiwa ni yenu na neno lenu ndilo litakaloandikwa.