Kamera ya Mtesi: Filamu za Hali Halisi na Propaganda ya Vita

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba filamu ya hali halisi hutofautiana na riwaya kwa kuwa haina msimulizi. Picha, kwa maoni yao, hujisemea zenyewe. Msimamo huu hauna mashiko. Aliyepiga picha alichagua pa kusimama, cha kuonyesha na cha kuacha. Huyo ni msimulizi, hata kama sauti yake haisikiki. Suala hili huwa zito zaidi pale filamu inapodai kuifichua propaganda ya vita, maana picha inazotoa kama ushahidi aghalabu zilipigwa kwa amri ya mtesi mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni geto la Warsaw, nchini Poland. Mnamo Mei 1942 wapigapicha wa Kijerumani waliingia humo na kufanya kazi kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Filamu yao haikukamilishwa. Kilichobaki ni kama saa moja ya picha zisizo na sauti. Ndani yake Wayahudi waliovaa vizuri wanakula na kunywa, huku maskini wakifa njaa barabarani. Ulinganisho huo unamwelekeza mtazamaji aamini kwamba Wayahudi wenye mali ndio waliowatupa wenzao. Tarehe 22 Julai mwaka uo huo, wakazi wa geto walianza kusafirishwa hadi kambi ya mauaji ya Treblinka.

Baada ya vita, vipande vya filamu hiyo vilipachikwa katika filamu za kulaani Unazi, vikachukuliwa kuwa kumbukumbu ya kuaminika ya maisha ya geto. Mwaka 1998 ulipatikana mkanda mwingine wenye picha zilizoachwa, ambamo tukio lile lile linarudiwa mara kadhaa mbele ya kamera. Njaa ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa katika kueleza nani aliyeisababisha. Hivyo, kwa miongo kadhaa, waliodhani kwamba wanamshtaki mtesi walikuwa wakimsaidia kuwasingizia marehemu.

Wala tatizo hili halikuanzia hapo. Katika mfululizo wa Why We Fight, ulioanza mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Marekani, Frank Capra alitumia picha za filamu ya Leni Riefenstahl ya mwaka 1935, akazitia maelezo yanayozigeuza. Lengo lake lilikuwa jema kuliko la Riefenstahl, lakini mbinu za kumteka mtazamaji zilikuwa jamaa moja. Nyani haoni kundule.

Njia iliyo bora imeonyeshwa na Yael Hersonski katika A Film Unfinished (2010). Humo picha za geto hazitumiwi kama pambo la hoja. Zenyewe ndizo zinazohojiwa. Manusura wanaketishwa kuzitazama, shajara za waliokuwamo zinasomwa, na ushahidi wa mmoja wa wapigapicha unaigizwa. Atakayepinga atasema kwamba uigizaji huo nao ni ushawishi. Ni kweli, lakini pingamizi hilo linakosea shabaha. Hakuna utunzi usioshawishi. Kinachotenganisha uhakiki na propaganda ni kwamba ule wa kwanza humpa mtazamaji nyenzo za kuupinga, ilhali ya pili humnyima.

Kwa hiyo, filamu yoyote inayochunguza propaganda yapasa kutaja ni nani aliyepiga kila picha, lini, na kwa amri ya nani. Isipofanya hivyo, isisifiwe kwa sababu tu imesimama upande wa haki. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kutomwamini msimulizi kabla ya kumchunguza. Mhakiki anayeiacha kanuni hiyo mlangoni mwa ukumbi wa sinema anawakosea watazamaji, na anawakosea zaidi wale waliolazimishwa kupita mbele ya kamera hiyo, ambao hawakupata nafasi ya kujieleza.