Ordinatere Ikionyesha Bluu, Usikubali Haraka Wafute Yote



Unawasha ordinatere, ekra inakuwa bluu, mashini inazimika, inajiwasha, na tena bluu. Fundi anasema: «Imekufa, tufute yote, tuingize Windows mupya.» Ngoja kwanza! Ndani mule muko kazi yako ya kumaliza masomo, picha za ndoa, hesabu za kikundi cha wamama. Zikifutwa, nani atakurudishia?

Soma maneno yaliyo kwenye ile bluu. Mwezi wa kumi 2018, mashini mingi za HP zenye Windows 10 zilianguka hivi, zikiandika WDF_VIOLATION. Klavye yenyewe haikuvunjika. Kosa lilikuwa ku piloti yake, ni kusema programu ndogo inayounganisha klavye na Windows. Ilifika kwa njia ya Windows Update, na Microsoft ikaiondoa kisha siku chache.

Mutauliza: kitu kidogo cha klavye kinaangusha namna gani mashini nzima? Ni kwa sababu piloti inatumika ndani kabisa, kwenye moyo wa Windows. Ikikosea pale, Windows inasimamisha yote ili isiharibu zaidi. Ni kama kamyo ya madini: shofere mubaya anaiingiza mu mufereji, lakini madini ingali ndani. Hakuna mutu anayetupa kamyo na madini yake, wanabadilisha shofere.

Dawa ilikuwa hii. Mashini ikishindwa kuwaka mara kadhaa, Windows inaleta ukurasa wa matengenezo. Chagua «Dépannage», kisha «Options avancées», kisha «Invite de commandes», na uandike:

ren C:\Windows\System32\drivers\HpqKbFiltr.sys HpqKbFiltr.old

Ikisema haioni faili, weka D: pahali pa C:. Kisha washa tena. Hapo tumebadilisha jina tu. Makaratasi yako hayakuguswa.

Tarehe 19 mwezi wa saba 2024 tuliona jambo la namna ile: faili moja mbaya ya CrowdStrike iliangusha mashini karibu milioni 8,5 duniani. Mafundi waliondoa faili ile, mashini zikawaka.

Bluu zingine ziko na sababu zingine, kama diski yenye kuharibika. Basi mwambie fundi wako: «Toa kwanza makaratasi yangu, weka pembeni, ndipo ufute.» Na wewe, wakati mashini ingali nzima, nakili kazi yako ku flash kila juma. Anza leo.