Vijino Virefu Havishiki Lami
Wapo wanaoshikilia kwamba bodaboda wa Ogwedhi, kwa kuwa hupita kwenye matope, afunge matairi ya vijino virefu mwaka mzima. Hoja hiyo inaisahau lami ya barabara kuu ya A1 inayopita Migori. Dai lake dhaifu kuliko yote ni kwamba vijino huing'ata lami. Haing'atwi: mpira ndio unaoishika, nayo mifereji, yaani nafasi zilizochongwa katikati ya vijino, huondoa maji tu, na ndiyo maana matairi ya mashindano ya lami kavu hayana mfereji hata mmoja. Kijino kirefu hupinda breki inapokamatwa, huku mpira unaogusa barabara, ambao hata kwa tairi zima ni mdogo, ukipungua zaidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa huviziba vijino hivyo hivyo vinavyosifiwa. Anayebeba abiria hasa kwenye lami anahitaji tairi la barabara.