Bwana Shamba Anazungumza: Kisanduku Chini ya Mbuyu



Mwezi huu tuache kidogo habari za mbolea na palizi. Nataka kukueleza jambo lililotokea katika kijiji kimoja ninachokihudumia.

Asubuhi moja wageni wawili, mume na mke, walionekana chini ya mbuyu ulio kando ya njia ya kisimani. Walikuwa na simu mkononi. Walitazama simu, wakatazama mbuyu, wakainama, wakapapasa katikati ya mizizi. Waliuzunguka mti mara tatu. Watoto waliwaona, wakakimbia nyumbani kusema. Punde si punde watu wakajaa. Wengine walisema wageni hao wanatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Wengine walisema ni wachawi. Vijana wawili walikuwa wameshika fimbo, na maneno yalianza kuwa makali.

Bahati njema, mwenyekiti wa kitongoji alifika. Aliwasalimu wageni, akawauliza wanatafuta nini. Yule mwanamke akamwonyesha kisanduku cha plastiki alichokitoa kwenye mizizi. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Ndani mlikuwa na daftari dogo, penseli, kifungo cha shati na sarafu moja ya nchi za nje. Katika daftari yaliandikwa majina ya watu na tarehe. Basi. Hapakuwa na dhahabu wala zebaki.

Mwenyekiti aliyasoma majina yale kwa sauti. Watu wakacheka, fimbo zikawekwa chini. Lakini mimi niliposimuliwa habari hii sikucheka sana. Je, kama mwenyekiti angekuwa shambani siku ile?

MCHEZO HUU NI NINI?

Wageni wale walikuwa wakicheza. Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Mtu mmoja huficha kisanduku mahali pa wazi, msituni au mjini. Kisha huwatangazia wenzake namba za mahali hapo. Wenzake hukitafuta. Akikiona, mtu huandika jina lake na tarehe katika daftari, kisha hukirudisha palepale. Akichukua kitu kilichomo ndani, huacha kingine chenye thamani kama hiyo.

Namba hizo ni kama anwani ya ardhi. Moja inaonyesha mahali hapo pako umbali gani kutoka mstari wa Ikweta. Nyingine inaonyesha umbali wa kwenda mashariki au magharibi. Chombo kinachosoma namba hizo huitwa GPS, na siku hizi kimo ndani ya simu nyingi. Juu angani, karibu kilometa 20,200 kutoka ardhini, kuna setilaiti zinazotuma ishara mchana na usiku. Chombo kikizipata ishara za setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu na kukuambia umesimama wapi.

Mchezo huu ulianza Marekani. Zamani serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiziharibu kidogo kwa makusudi ishara zilizotumiwa na raia. Chombo kiliweza kukosea hata meta 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Tarehe 2 Mei, 2000, Rais Bill Clinton alikomesha jambo hilo. Kesho yake tu, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Ndani alitia vitu vidogo vidogo, pamoja na kopo la maharage. Akatangaza namba. Mtu wa kwanza kuiona aliitwa Mike Teague. Leo visanduku vya namna hii vimo katika nchi nyingi za dunia, na hata hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya.

CHOMBO HAKIONI SHIMO

Mimi pia natumia GPS. Natumia kupima mashamba. Ni chombo kizuri sana, na kimepunguza ugomvi mwingi wa mipaka. Lakini kina ubaya mmoja, na ubaya huo niliujua kwa mguu wangu.

Siku hiyo nilikuwa bondeni, napima mashamba ya mpunga. Nilitaka kurudi mahali nilipoanzia. Mshale ulinionyesha: meta 40, moja kwa moja mbele. Nikatembea huku nimeukodolea macho mshale. Mbele yangu palikuwa na shimo la zamani la udongo wa matofali. Nyasi zilikuwa zimelifunika lote. Nilitumbukia hadi kiunoni, nikateguka kifundo cha mguu. Vijana walinibeba kwa baiskeli hadi zahanati. Mzee mwenye shamba alinitembelea jioni akasema, "Bwana shamba, kumbe hicho chombo chako kinatazama mbinguni tu!"

Mzee alisema kweli. Mshale unakuonyesha njia ya kunguru, nawe huna mabawa. Kati yako na kisanduku kunaweza kuwa na shimo, mto, mzinga wa nyuki au shamba la mtu. Kwa hiyo soma mshale ukiwa umesimama. Kisha tia simu mfukoni, tazama ardhi, ndipo utembee. Ukitaka kusoma tena, simama tena. Ukikaribia, kama hatua 15 hivi, acha kabisa kuufuata mshale. Hapo chombo hukosea meta kadhaa, na macho yako yana kazi kuliko simu.

Sasa juu ya mkono. Kitu kilichofichwa huwa katika tundu, chini ya jiwe au kwenye mizizi. Na nyoka naye hupenda tundu, chini ya jiwe na kwenye mizizi. Usitie mkono mahali usipopaona. Chukua fimbo ndefu, gonga kwanza, chokoa taratibu, subiri. Jiwe ulifunue kwa kulivuta kuelekea kwako, ili likutenge na kilicho chini yake. Vaa viatu vinavyofunika mguu. Kifutu hasa ni wa kuogopwa, maana hakimbii akisikia kishindo. Hulala tu kama gogo mpaka akanyagwe.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje kwa wembe. Msinyonye damu. Msimfunge kamba ya kukaza. Msikae nyumbani mkingojea jiwe jeusi livute sumu, maana muda unaopotea hapo ndio unaoua. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba. Fungeni kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike, kama tunavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Mgonjwa asitembee, bali abebwe, tena upesi. Msimfukuze nyoka ili mpeleke hospitalini. Dawa ya sumu ya nyoka haimo katika kila zahanati. Ulizeni leo, kabla hajaumwa mtu, ni hospitali gani ya karibu iliyo nayo. Na swila akikutemea mate machoni, osha macho kwa maji mengi safi, usiyasugue, kisha nenda kwa mganga wa zahanati.

Nyuki wakikushambulia, usisimame kuwapiga mikono. Funika uso kwa nguo na ukimbie mbali, ukiweza uingie nyumbani na kufunga mlango. Miiba yao ikwangue upesi kwa ukucha. Aliyeumwa mara nyingi, au anayehema kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kuhusu upupu sina haja ya kukufundisha. Aliyeupata mara moja huutambua hata gizani.

MVUA NA MAKALAVATI

Vijana hupenda kuficha vitu ndani ya makalavati na mifereji, kwa sababu hakuna anayepita humo. Wazazi, wakatazeni. Mwaka 2018, katika mji wa Prague, nchi ya Ucheki, watu wanne waliokuwa wakicheza mchezo huu walikuwa chini ya ardhi, ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Mvua kubwa ikanyesha juu yao. Maji yalikuja kwa kasi yakawachukua. Wawili walikufa. Nasi hapa tunajua jinsi korongo kavu linavyojaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani, wakati kwako jua linawaka.

Radi zikianza, mchezo umekwisha. Usijikinge chini ya mti ulio peke yake, wala usibaki kilimani. Ingieni nyumbani.

Na mkiona kitu cha chuma msichokijua, msikiguse wala msikitupie mawe. Mmoja aende kumwambia mwenyekiti au polisi. Wengine wazuie watoto wasikaribie.

HODI KWANZA

Turudi kwa wale wageni wa mbuyu. Mbuyu ule una wazee wake. Kila mwaka kabla ya mvua hufanyika tambiko pale. Mtu aliyeficha kisanduku hakuuliza, na wageni waliokuja kukitafuta hawakujua. Kosa lilianza kwa yule aliyeficha.

Hata Ulaya jambo hili limeleta taabu. Mwaka 2011, katika mji mdogo wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akiinama kuficha kitu karibu na mkahawa. Watu wakadhani ni bomu. Wanajeshi waliitwa, wakakilipua. Kumbe kilikuwa kisanduku cha mchezo!

Kwa hiyo anayetaka kuficha aanze kwa mwenyekiti wa kijiji na mwenye ardhi. Juu ya kisanduku aandike kwa herufi kubwa: HUU NI MCHEZO. Asifiche makaburini, mahali pa tambiko, kisimani wala shambani kwa mtu. Ndani ya hifadhi ya wanyama msiingie kabisa bila kibali, maana ni kosa la jinai, na nyati hasomi daftari. Msichimbe shimo. Msitie chakula ndani, kwa kuwa nyani na nguchiro watakiona kabla yenu.

Nanyi wenyeji mkimwona mgeni anapapasa mizizi, msianze na fimbo. Anzeni na salamu. Aliyekuja kwa mchezo atakuonyesha simu yake na kukueleza. Asiyeweza kujieleza mpelekeni kwa mwenyekiti, hapo ndipo shauri liamuliwe.

TULIUCHEZA BILA SIMU

Baada ya habari ile, mwalimu wa darasa la watu wazima katika kijiji hicho aliniuliza: je, sisi tusio na simu za namna hiyo hatuwezi kucheza? Nilimwambia tunaweza. Kabla ya setilaiti watu walikuwa wakicheza mchezo unaofanana na huu. Mwaka 1854, huko Dartmoor, Uingereza, kiongozi wa watembezi aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali pa mbali panapoitwa Cranmere Pool. Waliofika kwa miguu waliacha humo kadi zenye majina yao. Hawakuwa na chombo chochote cha angani.

Basi tulichukua kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko. Tukatia daftari, tukafunga penseli kwa uzi. Mwenyekiti alituonyesha mahali. Mwalimu aliandika karatasi mbili zenye maneno haya:

"Simama mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Elekea upande jua linakochomoza. Hesabu hatua 80 hadi kwenye mwembe. Geuka kushoto. Fuata njia hadi kwenye mawe matatu. Kopo liko nyuma ya jiwe kubwa. Tumia fimbo. Usivuke mfereji."

Kundi la kwanza lilikuwa la vijana. La pili lilikuwa la akina mama wa darasa la kisomo na mzee mmoja. Tulikubaliana hakuna kwenda peke yake. Kila kundi liwe na watu watatu au zaidi, ili mmoja akiumia, mwingine abaki naye na mwingine akaite msaada. Kila kundi lilibeba maji. Tuliandika ubaoni nani amekwenda wapi, na kwamba saa 5 watu wote wawe wamerudi.

Vijana waliondoka mbio. Walisoma mistari ya mwanzo, wakakunja karatasi. Waliyaona mawe matatu ng'ambo ya mfereji, wakavuka, wakalowa hadi mapajani. Walipekua ng'ambo ile karibu nusu saa. Mawe yale hayakuwa yenyewe.

Akina mama walikwenda polepole. Aliyeshika karatasi ni mama aliyejua kusoma mwaka jana tu, na alifuata kila neno kwa kidole. Katika hatua walibishana kidogo, kwa sababu hatua 80 za mzee zilipita mwembe, na hatua 80 za mama hazikuufikia. Wakakubaliana kuufuata mwembe. (Mwalimu naye ameahidi kwamba safari nyingine ataandika meta na kutumia kamba.) Walipofika kwenye mstari wa mwisho, mama aliusoma mara mbili: "Usivuke mfereji." Akageuka upande wa huku, akatazama nyuma ya vichaka, na mawe matatu yalikuwa pale. Mzee aligonga kwa fimbo. Alitoka mjusi mkubwa, wote wakapiga kelele na kucheka. Kisha wakalitoa kopo.

Nimeliona daftari lile. Jina la kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa, zinazopanda mlima kidogo, na tarehe chini yake. Hadi wiki iliyopita majina yalikuwa yamefika 31. Sasa vijana wanaomba waandike wao karatasi inayofuata, na mwenyekiti amewaambia kwanza wamwonyeshe mahali.

Kama mtacheza kijijini kwenu, niandikieni mlivyofanya. Karatasi itakayoeleza njia vizuri tutaichapa hapa. Mwezi ujao tutazungumza juu ya dumuzi katika ghala la mahindi. Kabla ya kuweka mavuno mapya, fagieni ghala na mchome mabaki yote ya mwaka jana.