Ngamia wa Rapsu wasiachwe nje ya utafiti

Mkazi wa Nairobi anayenunua maziwa ya ngamia mtaani Eastleigh huenda hajasikia jina la Rapsu, kijiji kilichoko Isiolo. Hata hivyo, maziwa mengi ya mtaa huo hutoka kaunti hiyo, na afya ya mifugo wa huko inamhusu.

Virusi vya MERS viligunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, na baadaye ikadhihirika kwamba ngamia huvibeba. Damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilipopimwa, ilionyesha kuwa waliwahi kuambukizwa.

Virusi hivi huingia katika chembe za mwili kwa protini iliyo kama ufunguo. Protini hiyo ni mnyororo wa asidi-amino zaidi ya 1,300. Je, zipi ndizo meno ya ufunguo huo? Kujaribu moja baada ya nyingine katika maabara ni kazi ya miaka.

Mwaka 1996, Olivier Lichtarge na wenzake walieleza njia ya mkato. Protini za ukoo mmoja hupangwa kama mti wa nasaba, kisha kompyuta hutafuta sehemu zisizobadilika. Sehemu inayodumu katika ukoo mzima huenda ina kazi muhimu, kwani aliyeipoteza hakuacha kizazi. Kwa mfano, katika himoglobini, asidi-amino inayoshikilia madini ya chuma ni ile ile kwa binadamu, ngamia na samaki. Sehemu kama hizo zikikusanyika mahali pamoja, hapo ndipo wataalamu huanza kutafutia dawa.

Lakini mti uliokosa matawi hudanganya. Virusi vya ngamia wa Afrika vina tawi lao, tofauti na vya Arabuni. Tukitegemea vya Arabuni pekee, kompyuta itasema sehemu fulani haibadiliki kamwe, kumbe huku kwetu imebadilika. Dawa itakayotokana na kosa hilo haitamfaa mfugaji wala mnywaji.

Kwa hivyo serikali itenge fedha ili sampuli zichukuliwe mara kwa mara katika vijiji kama Rapsu, na mfugaji aliyetoa ngamia wake apewe majibu kwa lugha anayoielewa. Akipuuzwa leo, kesho atawafungia wataalamu boma lake, na hatakuwa na kosa.

Nawe msomaji, usisubiri kompyuta. Chemsha maziwa kabla ya kunywa.