Kituo cha Takwimu Hakianzii Makao Makuu

Kituo cha umahiri wa takwimu za biashara ni kitengo cha kampuni kubwa kinachokusanya taarifa za idara zote, kuzisafisha, kuzichambua na kuwapa wakuu majibu kabla hawajaamua. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa IBM, aliandika kuhusu mfumo wa kumfikishia kila mhusika taarifa zinazohusu kazi yake. Afrika Mashariki ilichelewa kidogo, lakini tangu huduma za fedha kwa simu zianze, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kampuni zimerundika takwimu kuliko zinavyoweza kuzisoma. Ndiyo maana kila kampuni yenye matawi mikoani sasa inataka kituo chake.

Tatizo ni imani inayotangulia ujenzi wa vituo hivyo. Kwenye semina za mameneja kuna kauli inayorudiwa mpaka inachosha: nunua mfumo mzuri, ajiri wachambuzi wachache, takwimu zitajieleza zenyewe. Kauli hiyo hupigiwa makofi, nayo si kweli. Takwimu haijielezi. Huelezwa na mtu anayejua ilikotoka, na mtu huyo hayupo ghorofa ya kumi Dar es Salaam.

Chukua mfano mmoja. Mwamgongo ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na wageni wengi hukifikia kwa boti kutoka Kigoma. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Vyombo hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, nyavu huinuliwa. Alfajiri mwalo hujaa watu: ndoo zinapimwa, wachuuzi wanapatana bei, dagaa wanaanikwa. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa haushindani na mwanga wa mwezi, samaki hawakusanyiki, na vyombo vingi hubaki nchi kavu huku wenyewe wakishona nyavu. Siku hizo fedha huadimika. Mchuuzi hana cha kulipia, mama ntilie hana wateja, na daftari la wakala wa fedha za simu hupata mistari michache kwa siku nzima.

Makao makuu hayauoni mwezi huo. Ripoti zao zinafuata Januari, Februari na Machi, ilhali mwezi mwandamo una takriban siku 29 na nusu, na kwa mwaka tofauti ya kalenda hizo mbili hufika siku 11. Kila Mwislamu anayengoja Ramadhani anajua jinsi tarehe zinavyosogea. Basi siku za mbalamwezi nazo huhama ndani ya kalenda ya ofisi: mara ziangukie katikati ya mwezi, mara zigawanyike mwisho wa huu na mwanzo wa ujao, na mara moja moja mwezi mmoja ubebe mbalamwezi mbili. Grafu ya wakala wa mwaloni hupanda na kushuka bila utaratibu ambao mchambuzi anaweza kuutambua. Naye, kwa nia njema kabisa, huandika kwamba wakala huyo hatabiriki. Mtoto wa mvuvi angemsahihisha kwa sentensi moja, ila hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2024 somo hilo lilikuja kwa ukubwa zaidi. Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Programu yoyote iliyofundishwa kwa takwimu za miaka ya nyuma ilikuwa na kila sababu ya kuona mwambao mzima umeanguka kibiashara kwa miezi mitatu. Tangazo la serikali halimo kwenye kanzidata ya miamala. Kijijini lilijulikana kabla uvuvi haujasimama.

Mfano wa jinsi kituo cha namna hii kinavyopaswa kujengwa upo jirani kabisa na Mwamgongo. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire na kuwateka watafiti wanne, na baada ya hapo watafiti wa kigeni waliondolewa. Kazi haikusimama. Iliendelezwa na wasaidizi wa utafiti Watanzania, wenyeji wa mwambao huo, waliowafuata sokwe msituni tangu asubuhi hadi sokwe wanapojenga viota jioni, wakiandika kwa Kiswahili nani alikula nini, nani aliandamana na nani. Kumbukumbu hizo baadaye zilihifadhiwa na kuingizwa kwenye kompyuta katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2009 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionesha kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi vya SIV, ndugu wa virusi vya UKIMWI, walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri huohuo wasio navyo. Maabara ilipima kinyesi na mkojo. Lakini sampuli isiyojulikana ni ya sokwe gani, mwenye umri gani na aliyeishi mpaka lini, isingefaa kitu, na hayo aliyajua mtu aliyetembea naye porini.

Utaratibu wa ujenzi basi uko wazi. Swali hutangulia mfumo: kampuni iamue kwanza inataka kujua nini. Kisha hufuata maana za maneno, kazi inayodharauliwa kuliko zote. Idara ya mauzo ikihesabu mteja kuwa kila laini iliyosajiliwa, na idara ya fedha ikimhesabu aliyelipa mwezi huu pekee, hakuna kompyuta itakayowapatanisha. Ndoo ya dagaa wabichi na ndoo ya dagaa wakavu si kitu kimoja, na anayezijumlisha amepata namba isiyo na maana yoyote. Baada ya hapo ndipo huja wachambuzi, nao wapangiwe zamu za kukaa matawini kwa majuma, si ziara ya kupiga picha. Mfumo wenyewe hununuliwa mwisho.

Fomu nazo ziwe za Kiswahili. Inakera kuona wakala anayefanya kazi yake yote kwa Kiswahili akipewa skrini ya Kiingereza, kisha akalaumiwa kwa kubonyeza jibu la kwanza kwenye orodha. Fedha za kutafsiri hukosekana, za semina hotelini zenye posho na mikoba yenye nembo hazijawahi kukosekana.

Watetezi wa mfumo wa ghorofani hujibu kwamba watu wa matawini hawajasomea uchambuzi. Hoja hiyo ni dhaifu kiasi cha kushangaza. Wasaidizi wa Gombe hawakusubiri shahada ndipo wamtambue sokwe kwa sura yake, na maprofesa wa Marekani walijenga kazi zao juu ya madaftari yao. Anayedai kwamba wakala wa Mwamgongo hana la kumfundisha mchambuzi aeleze kwanza kwa nini miamala ya kijiji hicho hushuka usiku unapong'aa.

Kazi ya mwisho ya kituo ni kurudisha majibu kwa aliyeandika. Anayejaza fomu mwaka mzima bila kupata neno hatimaye hujaza chochote, na uchafu huo hakuna programu ya kuusafisha. Kwa hiyo kituo kipimwe kwa maamuzi yaliyobadilika, si kwa idadi ya ripoti wala grafu za rangi ukutani. Kwa mawakala wa mwambao, uamuzi wa kwanza wa kukaguliwa ni wa floti, yaani fedha za wakala za kuhudumia wateja: iongezwe siku za giza, wakati dagaa wanashuka kwa wingi na wachuuzi wanahitaji fedha alfajiri, na mbalamwezi ikirudi wakala asiandikiwe barua ya onyo.